Maneno ya Bibi ni ya Bibi: Alama za Kunukuu

Shuleni mnaandika hadithi za Kiingereza, na ndani yake watu wanazungumza. Leo tuangalie namna ya kuyaandika mazungumzo hayo.

Alama za kunukuu ni ahadi. Ukizifungua, unamwambia msomaji kwamba yaliyomo ni maneno yenyewe aliyotamka mtu. Ndiyo maana sisi wauguzi tunazitumia wodini. Mgonjwa akisema, "Kifua kinanibana kama nimefungwa kamba," tunaandika alivyosema. Tukiandika tu kwamba kifua kinamuuma, daktari hatajua kama kinabana, kinachoma au kinawaka moto.

Shikeni kanuni hizi nne:

1. Maneno ya msemaji yakitangulia, mkato unakaa ndani ya alama: "I am tired," said Grandma. Ukianza na msemaji, mkato unakuja kabla ya kufungua alama: Grandma said, "I am tired."

2. Kama ni swali, alama ya kuuliza inachukua nafasi ya mkato, na neno linalofuata linabaki na herufi ndogo: "Have you eaten?" asked Grandma.

3. Akiingia msemaji mwingine, anza mstari mpya.

4. Ukieleza kwa maneno yako mwenyewe, usiweke alama: Grandma said that she was tired.

Msishangae vitabu vikitofautiana. Vya Marekani hutumia alama mbili mbili; vingi vya Uingereza hutumia moja moja. Fuata anavyofundisha mwalimu wako, na usichanganye.

Je, Bibi akisema kwa Kiswahili? Mwache aseme hivyo hivyo: "Pole, mjukuu wangu," said Grandma. Kisha sentensi inayofuata ieleze maana. Ukiandika "sorry" peke yake, msomaji atadhani Bibi anaomba radhi kwa kosa, kumbe anakuonea huruma. Neno lake likibadilishwa, na yeye anabadilika.

Zoezi la wiki: mpigie simu bibi, babu, shangazi au mjomba. Muulize siku yake ilikuwaje. Andika sentensi tatu alizosema, neno kwa neno, na alama zake. Wazazi, wasomeeni tena hao jamaa kwenye simu, muwaulize: "Ndivyo ulivyosema?" Wakikubali, leteni daftari darasani wikiendi ijayo.