Jumba la Mlimani: Sura ya Kale, Mambo Mapya

Ndugu msomaji, hebu fikiria mlima mrefu wenye msitu. Juu ya mwamba pana jumba jeupe. Lina minara mirefu na mapaa yaliyochongoka. Chini yake mto unapita kwenye bonde jembamba. Wakati wa baridi theluji hufunika kila kitu.

Jumba hilo linaitwa Neuschwanstein. Jina ni gumu, lakini tusome polepole: Noi-shvan-shtain. Lipo kusini ya Ujerumani, katika jimbo la Bavaria, karibu na mpaka wa Austria.

Mtu akiliona mara ya kwanza husema: "Aa, hii ni ngome ya zamani sana." Kumbe sivyo! Ukiona jumba kubwa popote, usitazame sura tu. Uliza maswali matatu. Limejengwa lini? Limejengwa kwa mikono ya nani? Limejengwa kwa fedha ya nani?

LIMEJENGWA LINI?

Zamani huko Ulaya, tangu mwaka 500 hivi hadi mwaka 1500, wakubwa walijenga ngome juu ya vilima. Miaka hiyo huitwa Zama za Kati. Walipanda vilimani kwa sababu ya vita. Adui akija, ataonekana toka mbali, naye atachoka kupanda. Ndiyo maana ngome hizo zilikuwa na kuta nene, madirisha madogo na minara ya walinzi.

Jumba la Neuschwanstein halikujengwa wakati huo. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 5 Septemba 1869. Siku hizo treni zilikuwa zinapita Ulaya, na mizinga mikubwa iliweza kubomoa ukuta wa ngome yoyote. Basi kwa nini mtu ajenge ngome?

Mwenye jumba alikuwa Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria. Alipata ufalme mwaka 1864, akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 1866 Bavaria ilikuwa upande ulioshindwa katika vita na nchi ya Prussia. Baada ya hapo ikakubaliwa kwamba vita vikitokea, jeshi la Bavaria litaongozwa na Prussia. Mfalme akabaki na cheo, lakini nguvu zake zikapungua. Akataka nyumba ya kukaa peke yake mlimani, aishi kama wafalme wa hadithi za kale.

Michoro ya kwanza ya jumba ilifanywa na Christian Jank. Huyu alikuwa mchoraji wa mandhari za michezo ya jukwaani. Kisha Eduard Riedel, mtaalamu wa majengo, akatengeneza ramani ya kujengea.

Kwa hiyo sura ya jumba ni ya kale, lakini ndani mliwekwa mambo mapya ya siku zile. Kila ghorofa ilikuwa na maji ya bomba. Kulikuwa na vyoo vya kuvuta maji. Hewa ya moto ilipitishwa ndani ili vyumba vipate joto. Kulikuwa na kengele za umeme za kuwaita watumishi, na simu pia. Hata ukuta wenyewe, nje ni mawe meupe, nyuma yake ni matofali. Ni kama kijana aliyevaa kanzu ya babu yake, na mfukoni ana redio.

KWA MIKONO YA NANI?

Mahali hapo palikuwa na magofu ya ngome mbili ndogo. Yaliondolewa. Mwamba ukapasuliwa kwa baruti, ukashushwa kama mita 8. Ikatengenezwa barabara, yakavutwa maji. Ndipo msingi ukawekwa.

Mwaka 1880 walikuwapo mafundi kama 200: waashi, maseremala, wachonga mawe na wengineo. Vifaa vilipandishwa juu kwa winchi ya mvuke. Katika mwaka wa kazi wa 1879 hadi 1880 zilitumika tani 465 za marumaru na matofali 400,000.

Kazi ilikuwa ya hatari. Kwa hiyo mwaka 1870 kilianzishwa chama cha kuwasaidia wafanyakazi. Kila mwanachama alitoa ada ndogo kila mwezi, na mfalme akaongeza fedha. Mtu akiugua, alisaidiwa. Akifa kazini, familia yake ilipata malipo kidogo. Kumbukumbu zinataja vifo 30. Wageni wanaopiga picha mbele ya jumba hilo wasiwasahau watu hao.

KWA FEDHA YA NANI?

Mfalme hakujenga kwa fedha ya hazina ya serikali. Alitumia fedha zake mwenyewe, na zilipokwisha akakopa. Makisio ya kwanza yalikuwa marka milioni 3 na kidogo. Marka ilikuwa fedha ya Ujerumani. Hadi mwaka 1886 jumba lilikuwa limekula zaidi ya marka milioni 6, na lilikuwa bado halijakwisha. Na wakati huo huo alikuwa anajenga majumba mengine mawili!

Madeni yake yote yakafika kama marka milioni 14. Wakopeshaji wakatishia kukamata mali. Mfalme hakusimamisha ujenzi, bali akatafuta mikopo mingine. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Mwezi wa Juni 1886 serikali yake ilimwondoa, ikasema ana ugonjwa wa akili. Madaktari walitia sahihi bila ya kumpima kwanza. Tarehe 12 Juni alichukuliwa toka jumbani humo. Kesho yake alikutwa amekufa ziwani, pamoja na daktari wake. Mpaka leo watu wanabishana alikufaje. Alikuwa na umri wa miaka 40. Katika jumba lile alikuwa amekaa siku 172 tu. Ukumbi wa kiti cha enzi upo, lakini kiti chenyewe hakikuwekwa kamwe.

JUMBA SASA NI LA NANI?

Tarehe 1 Agosti 1886, wiki chache tu baada ya kifo chake, milango ilifunguliwa kwa watu wote. Viingilio vikasaidia kulipa madeni. Leo jumba ni mali ya jimbo la Bavaria, na kila mwaka huingia watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 2025 UNESCO ililiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na majumba mengine ya mfalme huyo.

Nyumba aliyoitaka mtu mmoja ajifiche humo, sasa hujaa wageni.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini watu wa kale walijenga ngome juu ya vilima?
2. Mafundi walifaidikaje kwa kutoa ada ndogo kila mwezi?
3. Katika kijiji chenu, ni jengo lipi la zamani? Nani alilijenga, na kwa fedha ya nani? Waulizeni wazee, kisha andikeni majibu.