Baridi inaanzia muguuni: namna ya kuchagua buti la kazi

Mwezi wa sita na wa saba, mvua imekwisha, upepo wa kusini-mashariki unavuma, na Katanga yetu inakuwa na baridi. Watu wa Kinshasa hawatuamini, lakini tuko juu: Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari, Kolwezi inapita 1.400. Usiku digrii zinaweza kushuka chini ya 10. Katika kariere hakuna muti, hakuna ukuta, upepo unapita kama unavyotaka. Mutu wa posti ya usiku anasimama pale saa nane, na mara nyingi anasimama katika matope.

Watu wengi wanazani baridi ni mambo ya koti. Sisi wa sendika, tukipita kusikiliza wafanyakazi, tunasikia kingine: miguu. Vidole havisikii tena kitu. Kisigino kimechubuka. Buti linaingiza maji tangu Pasaka. Na jibu la magazini linajulikana pande zote: « Buti ni buti tu, kamata namba iliyopo, wengine wanangoja. »

Hapana, buti si buti tu. Kuna namna ya kulichagua, na kila mufanyakazi anaweza kuijua.

Anza na kazi, kisha buti

Swali la kwanza si « Buti gani ni nguvu? » Swali la kwanza ni hili: ndani ya buti hili utafanya nini? Utatembea ao utasimama? Katika maji ao katika vumbi? Karibu na asidi ao mbali nayo?

Somo zuri juu ya jambo hili linatoka mbali. Huko Marekani, katika milima ya Rocky, jimbo la Colorado, Idaho na Montana, watu wanawinda elki. Ni nyama wa jamii ya paa, lakini dume wake anaweza kupita kilo 300. Wanamufuata wakati baridi inaanza, juu milimani, mara nyingi teluji ikiwa chini. Ndugu zetu Wakongomani waliofika Boise na Missoula kama wakimbizi wanaishi karibu na milima ile, na wanaona wawindaji wakijitayarisha. Mwindaji wa elki anapanda mulima asubuhi, anakaa bila kutikisika, kisha anarudi na nyama mugongoni, kipande cha kilo 30 ao zaidi. Muguu wake unapata yote: jasho, baridi na muzigo.

Kwa sababu hiyo, mabuti yao yanaandikwa uzito wa kitambaa cha joto kilicho ndani, kwa gramu: 200, 400, 800. Mutu asiyejua atasema, nipe 800, ni joto zaidi. Mwindaji mwenye akili anafanya tofauti. Kama anatembea siku nzima, anachukua gramu kidogo ao anaacha kabisa, juu muguu unaotembea unatoa jasho, na jasho likibaki katika soksi, ukisimama tu linakuwa baridi kama maji ya kisima. Gramu nyingi ni za mutu anayekaa pahali pamoja.

Tulete hayo kwetu. Mwenye kupiga beleshi na mwenye kubeba anatembea: buti lake lisiwe na manyoya, liwe jepesi, na soksi za kubadilisha. Mulinzi wa usiku, mwenye bendera ya magari na mwenye kuchunga pompu wanasimama: hao ndio wanahitaji buti lenye joto ndani. Na mwenye kushuka chini sana katika galeri, pale ambapo jiwe lenyewe ni la moto, akipewa buti la manyoya ni mateso. Buti moja kwa kazi zote ni kazi rahisi kwa magazini, si kwa muguu.

Namba: kidole nyuma ya kisigino

Jaribu buti saa za jioni, si asubuhi. Muguu unavimba kidogo wakati wa kazi, na namba iliyokuwa sawa saa moja ya asubuhi inabana saa kumi. Vaa soksi zilezile utakazovaa kazini. Sukuma muguu mbele mpaka vidole viguse, bila kufunga kamba: kidole chako cha mukono kinapaswa kuingia nyuma ya kisigino. Kisha funga kamba na tembea. Vidole vya mbele vicheze, kisigino kisipande. Shuka ngazi moja ao kilima kidogo. Kama vidole vinapiga mbele, acha buti hilo.

Buti linalobana linaleta baridi. Damu ndiyo inapeleka joto kwenye vidole. Ukiibana, hakuna manyoya yatakayosaidia. Mutu anayesikia baridi na kuongeza soksi ya pili katika buti dogo anazidisha ubaya. Kama unataka soksi mbili, chukua namba inayopita.

Hapa tuseme juu ya wamama. Katika kampuni moja tunayoijua, namba zilizofika zilikuwa 42 na 43, basi. Wamama wa laboratware na wa kuchagua mawe, wenye 37 na 38, walijaza karatasi na matambara mbele. Kisigino kinapanda na kushuka, malengelenge yanatoka, na siku ya kukimbia buti linabaki nyuma. Buti la namba ya mutu mwingine halilindi, linaangusha.

Mupira ao ngozi?

Pahali pa maji na matope ya kila siku, mupira unashinda. Hauna mushono, hauingizi maji. Lakini hautoi jasho pia, ndiyo maana mwenye buti la mupira anahitaji soksi nyingi kuliko mwenzake. Kuna mabuti ya PVC, ni bei ndogo, lakini katika baridi yanakuwa magumu na mazito. Yale ya poliiretani ni mepesi na yanachunga joto vizuri zaidi, bei yake nayo inapanda.

Ngozi ni nzuri kwa mutu anayetembea mbali, anayepanda na kushuka: inashika kifundo cha muguu na inapumua. Ila ngozi na asidi si marafiki. Kwenye mafabrika ya shaba ambapo wanatumia asidi ya sulfiriki, buti la ngozi linaliwa polepole. Pale chukua buti la mupira ao PVC iliyofanywa kwa kemikali. Na suruali ikae juu ya buti, nje. Ukiingiza suruali ndani ya buti, unafungua mulango: tone linateremka moja kwa moja mpaka muguuni, na hautalitoa kwa haraka.

Juu ya chuma cha mbele, watu wanabishana. Chuma kinapitisha baridi kuliko kofia ya komposite, ni kweli. Lakini zote mbili, kama ni za kanuni, zinapimwa kwa pigo la jule 200, karibu sawa na kilo 20 zinazoanguka kutoka metre moja. Mwenye kusimama katika baridi achague komposite kama ipo. Asiondoe kinga ya vidole hata siku moja kwa sababu ya baridi.

Soma alama

Buti la kazi la kweli linasema lenyewe. Tazama ndani, kwenye ulimi ao kwenye soli. Kanuni inaitwa EN ISO 20345. Kisha kuna herufi:

S1 ni la pahali pakavu. S2 ni S1 ambayo ngozi yake inakataza maji kwa muda. S3 ni S2 yenye kizuizi cha misumari chini na soli ya meno; ndiyo inafaa kariere. S4 ni buti la mupira ao plastiki muzima, na S5 ni S4 yenye kizuizi cha misumari na meno. Ndiyo inafaa matope. WR maana yake buti zima linakataza maji, pamoja na mishono. CI maana yake soli inazuia baridi ya chini.

Tazama pia tarehe ya kutengenezwa. Soli ya poliiretani ikikaa miaka mingi katika magazini yenye joto na unyevu, inaoza bila kuvaliwa. Buti linaonekana mupya, na juma la pili soli inavunjika kama mukate mukavu. Kabla ya kupokea, kunja soli kwa mikono miwili. Ikionyesha mipasuko, rudisha.

Kwa ndugu wachimbaji wanaojinunulia sokoni: alama zinaweza kuigwa. Bonyeza mbele, usikie kama kofia ngumu iko kweli. Ingiza mukono ndani mpaka mwisho, tafuta mushono unaochoma. Jaza maji katika buti la mupira, ngoja, tazama kama linatoka. Buti lililovaliwa na mutu mwingine limekwisha kushika umbo la muguu wake. Kama soli imelala upande mumoja, goti lako litalipa.

Muguu uliolowa

Maaskari wa vita ya 1914-1918 walikaa siku nyingi katika mahandaki yenye maji, na miguu yao ikaanza kuoza. Waganga wakaita ugonjwa ule « pied de tranchée ». Hauhitaji barafu. Hata kwa digrii 15, muguu unaokaa saa nyingi katika soksi yenye maji unaweza kuupata. Unaanza kwa ganzi na ngozi nyeupe ao yenye mabaka, kisha uvimbe, maumivu, malengelenge, harufu. Ukiachwa, unaweza kufika kwenye kukatwa.

Dawa ya kwanza ni soksi kavu. Beba jozi moja katika mufuko wa plastiki, ubadilishe katikati ya posti. Soksi ya sufu inashika joto hata ikilowa. Ya pamba inashika maji tu. Ukifika nyumbani, osha miguu, kausha katikati ya vidole, ilale wazi. Usipeleke muguu wenye ganzi karibu na mbabula: hausikii, utaungua bila kujua. Buti nalo usiliweke juu ya moto. Ngozi inapasuka na gundi inaachia. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti asubuhi. (Gazeti hili pia, ukimaliza kusoma.)

Nani analipa?

Convention 176 ya BIT, ya mwaka 1995, juu ya usalama katika migodi, inasema wazi katika article 9: pale hatari haiwezi kuondolewa kwa njia nyingine, mwajiri anatoa vifaa vya kujikinga vinavyofaa, bila mufanyakazi kulipa, na anavitunza. Neno « vinavyofaa » ndilo la kushika. Namba 43 kwa muguu wa 38 haifai. Na Code du travail yetu, sheria nº 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002, iko na komite ya usalama na usafi pahali pa kazi. Pale ndipo mambo ya mabuti yanaletwa, si kunungunika kwenye basi.

Ndugu na dada, msingoje baridi. Mwezi wa tatu ao wa nne, kila delege apite na daftari: jina, kazi, namba ya muguu, anasimama ao anatembea, maji ao kavu. Orodha hiyo iwekwe sahihi na ipelekwe kwa komite kabla komande ya EPI haijatoka. Patron anaweza kubishana na kelele. Ni vigumu kubishana na orodha yenye namba. Na buti likifika baya, usisaini kwamba umepokea zuri: andika pale pale kasoro yake, na chunga kopi.