Ful, Damu na Nasaba za Wajomba

Mtoto amekula ful. Siku ya pili macho manjano, mkojo mweusi kama kahawa, mwili umelegea. Baadhi ya wazee wetu wa Unguja na Maskati walidhani ni kijicho. Kumbe chembe nyekundu za damu zinapasuka kwa upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, uliobainishwa mwaka 1956 katika uchunguzi wa primakwini, dawa ya malaria. Umeenea palipotawala malaria, Oman na mwambao wetu pia, kwani humkinga kiasi mwenye nao.

Mtoto wa kiume huurithi kwa mama. Nasi wenye kuandika nasaba huorodhesha mababa tu! Tuulize na habari za wajomba. Kinga ni kujiepusha na ful, vidonge vya nafthalini vya kuwekea nguo, na hina kwa mtoto mchanga. Mkojo ukigeuka rangi, hospitali siku hiyo hiyo.