Fahamu: Malezi ya nyumbani ya mtoto mwenye kichwa kikubwa

Mtoto aliyezaliwa na kichwa kikubwa kwa kujaa maji, akishapasuliwa na kutiwa mrija upitishao maji ya ubongo hadi tumboni, hurudi nyumbani, na tangu hapo mama yake, huko Terrat, kaskazini mwa Tanzania, ndiye tabibu wake wa kila siku. Kila asubuhi, mtoto akiwa wima na ametulia, mama hupapasa utosi wake: ukiwa laini, alhamdulillahi; lakini ukituna na kukaza, au akitapika, akilala kupita ada, macho yakielekea chini, au homa ikipanda, mrija huenda umeziba au umeingiwa na vijidudu, basi mama asingoje siku ya kliniki, ampeleke Hospitali ya Mount Meru, jijini Arusha, saa ile ile. Kichwa nacho hupimwa kila juma kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, kipimo kikaandikwa daftarini.