JUNI IMEINGIA: TULINDE VIFUA VYA WATOTO



Masika yamekwisha, na Mungu ameivika upya milima yetu ya Upare. Kuanzia Chome, chini ya kilele cha Shengena, hadi Mamba na Gonja, migomba imestawi, maharage yanakomaa na ndiva zina maji. Tunauanza mwezi wa Moyo Mtakatifu wa Yesu tukiwa na mengi ya kushukuru.

Lakini Juni huleta pia kipupwe. Milimani ukungu hushuka, milango na madirisha hufungwa, na jamaa yote hukusanyika jikoni kuota moto. Hapo ndipo nimonia, yaani kichomi, huwavizia watoto wadogo. Vijidudu vyake huenea upesi watu wanaposongamana mahali pasipo na hewa ya kutosha, na moshi wa kuni hudhoofisha mapafu.

Akina mama na akina baba, jifunzeni kuhesabu pumzi. Mtoto mwenye kikohozi akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, shika saa, uhesabu kwa dakika 1 nzima. Anapumua haraka mno ikiwa ni:

1. Mara 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2.
2. Mara 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11.
3. Mara 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Ukiona hivyo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Ikiwa kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea, msingoje kupambazuke. Tena, si kila homa ni malaria. Wazazi wengine humpa mtoto dawa ya malaria nyumbani, kumbe anayo nimonia, na siku mbili za kungoja zaweza kumwua.

Hatari nyingine ni jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, hivyo aliyelala hajui kitu. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi: litoeni jiko nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Mkimkuta mtu amezidiwa, mtoeni kwanza kwenye hewa safi, kisha mkimbizeni hospitali. Aliyezimia asinyweshwe maziwa wala maji, yatamwingia mapafuni.

Kwa kinga, mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, avikwe soksi na kofia, na wote wanawe mikono kwa sabuni. Chanjo ya nimonia hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Jumapili hii mkitoka Misa, itazameni kadi ya kliniki. Kama kuna chanjo iliyorukwa, mpelekeni kliniki wiki hii. Muuguzi atawaeleza la kufanya.

Nawatakieni mavuno mema. Moyo Mtakatifu wa Yesu uzilinde familia zenu.