Wasifu wa Bibi Salme: Tuupime Vipi?



Likizo nilikuwa Bustan, Maskati, kwa mjomba. Wanaopajua watakumbuka: milima nyuma, bahari mbele, na ile hoteli ya kifahari iliyofunguliwa 1985. Kwenye kabati la mjomba nikakuta ensaiklopidia ya zamani, nikafungua jina la Emily Ruete. Aya moja tu! Binti wa Sultani wa Zanzibar, akampenda Mjerumani, akatoroka, akawa Mprotestanti, akaandika kitabu. Bibi aliposikia akasema, "Huyo si alitoka katika dini? Mwache, mjukuu wangu." Nikaona ensaiklopidia na bibi kosa lao moja: wote wamembakiza kwenye siku ile ile.

Sasa nyinyi mnaonukuu ensaiklopidia kwenye insha, mimi wasifu naupima hivi. Kwanza tarehe. Salme alizaliwa Mtoni 1844, akaondoka Unguja Agosti 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa Aden 30 Mei 1867 katika kanisa la Kianglikana na kuolewa siku hiyo hiyo, akafa Jena 1924. Hapo aya ile ilikuwa sahihi, haki yake tuipe.

Lakini tazama kilichoachwa. Wasichana wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma tu. Salme akajifunza kuandika kwa siri, ananakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Na kuandika huko ndiko kulikomtia matatani: 1859, akiwa na miaka 15 tu, alikuwa karani wa kundi la kaka yake Barghash lililomwasi kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani. Asiyetaja hilo atatueleza vipi kitabu cha 1886? Mumewe alikufa kwa ajali ya tramu Hamburg 1870, akamwachia watoto watatu wadogo. Urithi wake Unguja akaudai bila mafanikio, na 1885 Bismarck akampeleka huko pamoja na manowari za Kijerumani, kwa faida ya Bismarck mwenyewe. Mapenzi peke yake hayaelezi yote hayo, jamani.

Halafu uliza habari zimetoka wapi. Ule mfupa tunaujua kwa maneno yake mwenyewe, basi mwandishi aseme "anasimulia kwamba". Na yasiyopendeza yasifichwe: kitabu chake kinautetea utumwa wa kwao. Sisi ambao babu zetu wengine walikuwa mabwana na wengine watumwa, hilo haturuki.

Na dini? "Mprotestanti" ni kweli, ila maandishi yake yanaonyesha hakutulia kabisa katika dini mpya. Neno moja halibebi hayo.

Jioni nikamhadithia bibi habari ya mfupa. Akanyamaza kidogo.

"Wa ngamia?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mama yake alijua?"