Kerneli mbichi na mwenye mashine moja

Machi 3, 2021, Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alilibadilisha jina toleo la majaribio la kerneli (kiini cha mfumo) alilolitoa siku chache kabla. 5.12-rc1 ikawa 5.12-rc1-dontuse. Yaani, msiliguse.

Katika barua aliyowaandikia wasanidi wenzake anasimulia bila kujitetea. Msimbo ulikuwa umefanyiwa usafi mdogo tu, usiomtia yeyote shaka. Memori inapojaa, kerneli huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, kwenye akiba iitwayo swopu. Akiba hiyo yaweza kuwa sehemu ya diski iliyotengwa, au faili tu. Baada ya usafi ule, kerneli ikasahau faili linaanzia wapi. Swopu ikaendelea kuandikwa, ila pasipo pake, juu ya chochote kilichokuwa hapo: picha, hesabu za duka, hata mpangilio wenyewe wa mafaili. Ni kama mvuvi wa Longech, kando ya Ziwa Turkana, aanike samaki wake kwenye mkeka wa jirani, baada ya kuwamwaga wa jirani mchangani.

Afadhali, anasema Torvalds, swopu siku hizi haitumiki sana, na wengi wa wanaoitumia hawatumii faili.

Wengi gani? Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, huweka faili la swopu tangu toleo la 17.04. Na mwenye kipakatalishi cha mtumba chenye gigabaiti 4 za memori, awe Lodwar au Kakuma, hana anasa ya kuishi bila swopu.

Agosti 2024, Canonical, kampuni ya Ubuntu, ilitangaza kuwa kila Ubuntu mpya itabeba kerneli ya karibuni kabisa, hata ikiwa bado ya majaribio (rc) siku ya kufunga kazi. Wenye vifaa vipya walifurahi, na wana haki. Tena Ubuntu 24.10 ilitoka na 6.11 iliyokwisha kukomaa. Lakini mlango umeachwa wazi.

Mambo yakiharibika, fundi atakwambia uwashe upya, uchague kerneli ya zamani kwenye menyu. Hilo hufaa kerneli ikigoma kuwaka. Faili lililoandikiwa juu halirudishwi na kerneli yoyote. Mwaka 2008, kerneli za majaribio za 2.6.27 ziliharibu kadi za mtandao za Intel zenyewe. Hapo hata kusakinisha upya hakukusaidia.

Kusakinisha upya kwenyewe ni kupakua zaidi ya gigabaiti 5. Fanya hivyo kwa bando ya simu ukiwa Longech, kwenye ule ulimi wa mchanga unaoikinga Ghuba ya Ferguson. Kwenye ukingo huohuo wa magharibi wa Ziwa Turkana kipo chuo cha Startup Lions, alichokisanifu Francis Kéré, ambako vijana hufunzwa kazi za kidijitali. Anayejifunza ndiye mwenye hamu ya kujaribu kipya. Pengine ndiye pia mwenye mashine moja tu.

Kwa 5.12, Torvalds aliharakisha rc2, akaitoa Ijumaa badala ya Jumapili yake ya kawaida. Onyo lilikuwa kwa Kiingereza, kwa wasanidi. Huyu wa Longech angelipata lini, kabla memori haijajaa au baada?